Barua Mbili za Kazi: Namna ya Kupima Mshahara Mnono na Hifadhi ya Jamii

Mpwa wangu alikuja nyumbani Tabata Jumapili moja jioni akiwa na barua mbili za kazi kwenye bahasha moja. Ana miaka 26, amesomea lishe. Barua ya kwanza ilitoka halmashauri: afisa lishe, ajira ya kudumu, shilingi 900,000 kwa mwezi. Ya pili ilitoka kwenye mradi wa afya unaofadhiliwa kutoka nje, ofisi zake Mikocheni: kazi karibu ileile, mkataba wa mwaka mmoja, shilingi 2,200,000. Tarakimu nimezisawazisha kidogo ili zihesabike, lakini uwiano wake ndio huo.

"Mjomba," akasema, "mama anasema nikikataa serikali nimechezea bahati. Wenzangu wanasema nikikataa mradi mimi ni mwoga. Nimekuja kukuuliza wewe."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie nakala, nikakaa nazo siku kadhaa na kalamu. Naandika hapa nilichokiona, kwa sababu najua swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, na mara nyingi linajibiwa kwa hofu ya wazazi au kwa tamaa ya rika, bila mtu kupiga hesabu.

Nianze na makato, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwenye karatasi, tofauti ya barua hizi ni shilingi 1,300,000. Halmashauri, kutoka kwenye 900,000 anakatwa asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yaani 45,000, na asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF, 27,000. Kodi ya mshahara hutozwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni: 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, kisha viwango vinapanda kwa ngazi, asilimia 8, 20, 25, hadi 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni moja. Kwake kodi inakuwa 91,750. Anashika mkononi 736,250. Kwenye mradi, NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, asilimia 10 ni 220,000 na kodi ni 422,000, anashika 1,558,000. Pengo la 1,300,000 limeshuka hadi 821,750. Zaidi ya theluthi imeyeyuka kabla hajalipa hata nauli ya daladala. Deni la Bodi ya Mikopo nimeliweka pembeni. Asilimia 15 ya mshahara inamfuata popote atakapoajiriwa.

Kuna pia fedha asizoziona. Serikali kama mwajiri inamchangia PSSSF asilimia 15, sawa na 135,000. Mradi unamchangia NSSF asilimia 10, sawa na 220,000. Kwa hiyo ule usemi kwamba "mradini hakuna pensheni" si kweli kisheria. Ukijumlisha mchango wake na wa mwajiri, halmashauri inamwekea 180,000 kwa mwezi na mradi 440,000.

Sasa hesabu iliyonishangaza. Mwaka mmoja wa mradi unampa mkononi shilingi 18,696,000. Kwa mshahara wa halmashauri, kiasi hicho kinachukua miezi 25 na siku kadhaa kukifikia. Maana yake mkataba ukiisha anaweza kukaa bila kazi mwaka mzima na mwezi juu yake, na bado mwenzake aliyekwenda halmashauri hajampita kwa fedha. Kupanda daraja sijakuhesabu, na mwaka wa kwanza hakungebadili sana jibu. Nilipofika hapo niliirudia hesabu mara mbili, kwa sababu nimelelewa na wazazi walioamini kwamba kazi ni ya serikali na nyingine zote ni vibarua.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja kubwa: fedha ile iwepo mwezi wa 13. Na anayeshika 1,558,000 haishi kama anayeshika 736,250. Anahama Tabata kwenda karibu na ofisi, analipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, anachukua gari kwa mkopo, na harusi za ofisini zinamfikia na kadi zenye viwango vya juu. Mkataba unapoisha hana mwaka mmoja wa kupumua, ana wiki sita. Ndipo watu waliokuwa na mishahara ya kuheshimika wanajikuta kwenye mikopo ya kausha damu. Mshahara mkubwa unakuwa kinga pale tu mwenye nao anapokubali kuishi kama vile hana.

Wastani, mtu mmoja na ugonjwa wa figo

Tuchukulie mpwa wangu ana nidhamu hiyo. Anaishi kwa 736,250 na kuweka 821,750 kila mwezi. Mwaka ukiisha ana 9,861,000. Je, amejitegemea? Inategemea nini kitamkuta, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Kuna majanga yenye mwisho unaojulikana. Kukosa kazi miezi minane, simu kuibwa, kuugua wiki mbili, kuhamia mkoa mwingine. Unaweza kuyakadiria na kuyawekea akiba. Kuna mengine yasiyo na mwisho unaojulikana: ugonjwa wa kudumu, ulemavu, na hata kuishi miaka mingi. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa wiki. Hiyo ni mara 156 kwa mwaka. Gawanya ile akiba ya 9,861,000 kwa 156, unapata kama shilingi 63,000 kwa kila mara moja, na hapo hujanunua dawa, hujalipa nauli, hujala, na mwaka wa pili unaanza mfuko ukiwa mtupu. Hakuna mshahara wa kawaida Dar es Salaam unaoweza kulibeba hilo peke yake kwa miaka kumi.

Bima na mifuko ya jamii iliundwa kwa ajili ya majanga ya aina hii ya pili. Hakuna anayejua nani kati yetu ataugua figo, lakini katika kundi kubwa la kutosha idadi ya watakaougua inakadirika. Wengi wakichanga kidogo kidogo, mzigo ambao ungemvunja mmoja unakuwa makato ya asilimia 3. Ndiyo maana anayesema "nimechangia bima miaka mitano sijaugua, fedha yangu imepotea" ameielewa bima kama kibubu. Mfuko umemlinda miaka yote mitano; bahati yake nzuri ni kwamba hakulazimika kuona namna unavyolinda.

Kuishi sana nako ni baraka, lakini kwa hesabu ya fedha ni jambo lisilo na mwisho unaojulikana. Mwenye akiba yake mwenyewe lazima akisie atafariki lini. Akikisia 75 akafika 92, miaka 17 anakuwa mgeni kwa watoto wake. Pensheni ya kila mwezi haimuulizi swali hilo. Inalipwa hadi mwisho.

Kwa hiyo nilipozisoma upya zile barua niliacha kuuliza ipi ina fedha nyingi. Nikauliza: majanga gani mpwa wangu anaweza kuyabeba kwa akiba yake, na yapi lazima yabebwe na wengi? Kisha nikatafuta kila barua inambebea yapi.

Yaliyomo ndani ya hifadhi

Mengine yanafanana kwa waajiri wote wawili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, nusu ya asilimia moja ya mishahara, na unamlipa mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Mpwa wangu atazunguka vijijini kwa bodaboda akipima watoto. Hilo si jambo dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa wafanyakazi wa sekta binafsi, mradi ukiwamo, siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Ila mkataba wa mwaka mmoja ukifikia tarehe yake umeisha, na kitanda cha hospitali hakiurefushi.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na kinakoma kwenye miaka 10. Miaka kumi ya kazi inakuwa siku 70. Naitaja kwa sababu watu wengi wanaichanganya na mafao ya mfuko, wanadhani siku wakipunguzwa kazini watapata fedha ya kuanzia maisha.

Fao la kukosa ajira lipo pia. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa bila kuacha mwenyewe, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Theluthi ya 2,200,000 ni kama 732,600, karibu sawa kabisa na anachoshika afisa lishe wa halmashauri. Kwa miezi sita, mtu wa mradi aliyepoteza kazi angeishi kama mtu wa serikali aliye kazini! Tatizo ni zile 18. Mkataba wake ni wa miezi 12, hivyo mwaka wa kwanza hana fao hilo. Akihuishiwa mara moja, analo.

Kisha pensheni. Tangu Julai 2022 kikokotoo ni kimoja kwa PSSSF na NSSF: kila mwezi uliochangia una thamani ya sehemu 1 ya 580 ya wastani wa mishahara yako mizuri ya miaka mitatu katika kumi ya mwisho. Miaka 30, yaani miezi 360, inakupa karibu asilimia 62 ya wastani huo. Kwa mkupuo wa theluthi uliowekwa mwaka ule, iliyobaki ya kila mwezi ilikuwa kama asilimia 42. Lazima uwe umechangia angalau miezi 180 ili ulipwe pensheni ya kila mwezi. Pungufu ya hapo unapata mkupuo tu. Ukiitazama vizuri kanuni hii utaona inathamini miezi kuliko kitu kingine. Mtu wa miradi mwenye mshahara mkubwa lakini mwenye matundu, mwaka kazini, miezi minane nje, anaweza kufika miaka 55 au 60 akiwa na miezi 150 na asipate pensheni ya mwezi hata moja. Matundu hayo yanazibika, kwa sababu mifuko hupokea pia wachangiaji wa hiari. Sijaona wengi wanaoyaziba.

Ahadi hubadilika

Nisingekuwa mkweli nikiisifia hifadhi ya jamii kana kwamba ni mwamba. Mwaka 2018, baada ya mifuko minne, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kuunganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya zilishusha mkupuo hadi asilimia 25. Watumishi waliokuwa wamepanga maisha yao kwa kutegemea nusu walilia nchi nzima, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akaamuru utaratibu wa zamani uendelee. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 serikali ikaipandisha tena hadi 40 kwa baadhi yao. Ndani ya miaka sita, mtu yuleyule aliyekaribia kustaafu alihesabiwa uzee wake kwa namna tatu au nne.

Na wakazi wa jiji hili tunawakumbuka wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Miongo kadhaa baadaye wastaafu wake walikuwa bado wanashinda mahakamani na barabarani Dar es Salaam wakidai mafao, wengine wakiwa wamebebwa na wajukuu, na wengi walizikwa kabla ya kupata walichokiamini kuwa ni chao. Nilikuwa nikipita pale mjini nikiwaona wamekaa kivulini na mabango yao. Waliajiriwa reli, bandari, posta, mashirika yaliyoonekana imara kuliko yote.

Mimi mwenyewe nilikatwa mchango wa pensheni na mwajiri wangu wa kwanza kwa miezi 14 bila hata mwezi mmoja kufika kwenye mfuko. Niligundua nilipoomba taarifa yangu ya michango, kampuni ikiwa imekwisha funga milango. Hati za mshahara zinaonyesha makato. Mfuko hauonyeshi kitu. Miezi 14 katika kanuni ya 580 nilivyoieleza hapo juu ni miezi 14 kweli kweli, na inaniuma mpaka leo. Tangu hapo, kila robo mwaka natazama michango yangu kwenye mfumo wa mfuko, na kila kijana ninayemjua namsihi afanye hivyo kuanzia mwezi wa pili wa ajira.

Upande wa mishahara minono nao ulipata pigo lake, na ni la karibuni. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Miradi mingi ya afya hapa nchini iliyotegemea fedha za Marekani ilisimama ndani ya wiki chache, na kufikia Julai shirika lenyewe la misaada, USAID, lilikuwa limekoma. Kilichonifundisha hapo ni kwamba hesabu yangu ya "mwaka mzima bila kazi" inadhani anayepoteza kazi ni mmoja, na wenzake bado wanaajiri. Mwaka ule vibarua viliota nyasi kwa watu wengi kwa siku ileile. Maafisa miradi waligombea nafasi chache zilezile, na walioweza kumkopesha ndugu ndio waliokuwa wakitafuta mkopo. Vikoba vya maofisini vilipata shida hiyohiyo: mfuko wa kusaidiana ambao wanachama wake wote wana mwajiri mmoja huanguka pamoja naye.

Uhuru wa kifedha unahesabiwaje

Vijana wa sasa hawaongelei mshahara tu, wanaongelea uhuru wa kifedha: kuwa na mali inayozalisha kiasi cha kutosha matumizi yako, kazi ibaki kuwa hiari. Kanuni wanayoitumia imetoka Marekani. Mwaka 1994 mshauri wa fedha William Bengen alipima historia ya soko la hisa na hati fungani (mikopo ambayo watu huikopesha serikali kwa riba) za nchi ile, akaona kwamba mstaafu anayetoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akiongeza kwa kadiri ya mfumuko wa bei, asingeishiwa kwa angalau miaka 30. Ukigeuza asilimia 4 unapata mara 25: weka akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka.

Mtu wa Dar es Salaam anayetumia 1,200,000 kwa mwezi anahitaji basi shilingi milioni 360. Akiweka 700,000 kila mwezi, na uwekezaji wake ukazidi mfumuko wa bei kwa asilimia 5, itamchukua karibu miaka 23. Inawezekana. Hati fungani za serikali zinaanzia shilingi milioni moja, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inapokea hata mwenye kipato kidogo, na hati ya miaka 25 ilipoanzishwa mwaka 2021 ililipa asilimia 15.95 kwa mwaka, kabla riba ya hati mpya kushushwa hadi 12.56 mwaka uliofuata. Lakini kanuni ya mara 25 ilipimwa kwa dola na soko la Marekani. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8. Miaka miwili mitatu ya namna hiyo mwanzoni mwa "uhuru" wako ingeitafuna mali ambayo mfumuko wa leo hauigusi sana.

Na jambo ambalo wafuasi wa kanuni hii husahau: Wamarekani wanaostaafu mapema nao wamekaa juu ya hifadhi. Pensheni ya taifa lao ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, na bima ya afya ya wenye miaka 65 kwenda juu mwaka 1965. Akiba yao inatakiwa kuwavusha hadi hapo. Mbele ya hapo hawako peke yao. Denmark, wanakotoza kodi nzito kuliko Marekani, ni rahisi kiasi kumwachisha mtu kazi, lakini aliyejiunga na mfuko wa kukosa ajira anaweza kulipwa hadi miaka miwili akitafuta nyingine. Kule wameamua kulinda mtu badala ya kulinda cheo chake, na mimi naona hilo ni wazo zuri kuliko letu la kuganda kwenye nafasi moja miaka 34 kwa sababu ya pensheni.

Nani anategemea nani

Yote hayo nimeyahesabu kana kwamba mpwa wangu ni mtu mmoja. Si mmoja. Dada yangu, mama yake, yuko Muheza, ana miaka 61, ana presha na kisukari, anauza duka dogo la rejareja. Hakuwahi kuajiriwa, hana pensheni. Si maskini wa kuingia kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na si mtu wa kujilipia kliniki kila mwezi bila kutetereka. Kuna mdogo wake yuko chuo Morogoro.

Kwa familia kama hii, pensheni ya mama ni mtoto wa kwanza. Mshahara wa 1,558,000 ukiingia, makato mengine yanaanza ambayo hayamo kwenye hati ya mshahara: dawa za mama, ada ya mdogo, mchango wa msiba, na lile kundi la WhatsApp linaloundwa saa tano usiku likiitwa "Matibabu ya Baba Mkubwa", ambamo mwenye kazi ya mradi anatazamiwa atoe la maana. Mimi siyasemi haya kwa kulalamika. Nimesomeshwa kwa michango ya namna hiyo. Ila tuseme wazi kwamba hii nayo ni hifadhi ya jamii, ya zamani kuliko NSSF, na udhaifu wake ni uleule wa kikoba cha ofisi moja: wanaochanga ni wachache na wanajuana. Wagonjwa wawili wa kudumu katika ukoo mmoja wanatosha kumaliza akiba ya kila aliyefanikiwa.

Ndiyo maana siamini kwamba hifadhi ya jamii na kujitegemea ni maadui. Siasa yetu ya mwaka 1967 iliyaweka maneno mawili kwenye jina moja, Ujamaa na Kujitegemea, na katika jambo hili naona waliotunga walikuwa na sababu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la, na baadaye kiwango kikaongezwa. Ukikitazama kama kipato ni kidogo. Lakini mzee mwenye fedha ya dawa na sukari yake ni mzee ambaye mwanawe wa Dar es Salaam anaweza kuweka hati fungani. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo, na kila mwaka tunaokaa bila kuwa nayo, mishahara ya vijana inaifanya kazi yake.

Kwa jicho hilo nilizisoma barua kwa mara ya mwisho, na nikaona kitu ambacho tulikuwa tumekiruka wote wawili. Bima ya NHIF ya mtumishi wa umma humchukua mchangiaji, mwenzi wake, na wategemezi hadi wanne, na wazazi wanaweza kuwamo. Barua ya mradi ilikuwa na bima ya kampuni binafsi kwa mfanyakazi, mwenzi na watoto. Mpwa wangu hana mume wala mtoto. Kwa hiyo barua ya laki tisa ilikuwa na kadi ya mama yake, na barua ya milioni mbili na laki mbili haikuwa nayo. Mtu wa miaka 61 mwenye presha na kisukari ndiye hasa lile janga lisilo na mwisho unaojulikana, na ndiye ambaye soko la bima humtoza zaidi au kumkataa.

Nikampigia simu. Nikamwambia kwamba kwa fedha mradi unashinda, na kwa mbali, akikubali kuishi kama mtumishi wa halmashauri miaka miwili na kuziba kila tundu la michango. Kwa mama yake halmashauri inashinda. Basi kabla ya kusaini aulize mradi kama mzazi anaweza kuongezwa kwenye bima, hata kwa kukatwa yeye. Kama hawakubali, aende halmashauri, nami nitamsindikiza kwa moyo mweupe.

Ilichukua siku tisa. Walikubali, kwa makato ya kila mwezi kutoka kwenye mshahara wake, pungufu ya robo ya zile 821,750. Akasaini. Kilichobaki cha tofauti kinaondoka benki siku ileile mshahara unapoingia, kwenda kwenye mfuko wa uwekezaji, na mwezi uliopita alinitumia picha ya michango yake ya NSSF ikiwa imeingia yote.

Kadi ya mama ilipofika aliipeleka Muheza mwenyewe. Dada yangu aliigeuza pande zote mbili, akaisogeza karibu na taa, akauliza kama hospitali ya Bombo wanaipokea.